Tabibu wa kulazimishwa, mnafiki na mchuuzi: tamthilia za Molière zilivyoingia kwenye Kiswahili

Mkata kuni mmoja hapatani na mkewe. Anakunywa pombe, ameuza vyombo vya ndani kimoja kimoja hadi kitanda, na mke akimuuliza watoto wanne watakula nini, anashika fimbo. Mke anaapa atalipiza. Muda si mrefu wanapita watumishi wawili wa tajiri, wanatafuta daktari, maana binti wa tajiri huyo amekuwa bubu ghafla. Mke anaona nafasi yake. Anawaambia kwamba yuko daktari mkubwa kule msituni, anakata kuni, ila ana kasoro moja: hakubali kuwa ni daktari mpaka apigwe. Watumishi wanamkuta, wanamwamkia kwa heshima, anakana, wanamtandika, anakubali. Kuanzia hapo mkata kuni anavaa joho na kofia ndefu, anashika mapigo ya damu ya wagonjwa na anapokea pesa.

Ukisimuliwa kisa hiki kilabuni huko Nkwenda au Nyaishozi, unaweza kudhani kimetungwa hapahapa. Kumbe kilichezwa mara ya kwanza Paris, Ufaransa, mwaka 1666. Mtunzi wake ni Molière, na katika Kiswahili kinaitwa Tabibu Asiyependa Utabibu. Mtu aitwaye A. Morrison ndiye aliyekitafsiri, wakati nchi hii bado iko chini ya Waingereza.

Baadhi ya wasikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa watauliza: tamthilia za Wafaransa za miaka zaidi ya 350 iliyopita zinatuhusu nini sisi watu wa kahawa na migomba? Tunaona zinatuhusu, tena zaidi ya vitabu vingi vilivyoandikwa juzi. Ila tuanze na mtunzi mwenyewe.

Mtoto wa fundi wa mfalme

Jina lake la kuzaliwa ni Jean-Baptiste Poquelin. Alibatizwa Paris Januari 1622. Baba yake alikuwa fundi wa mapazia na viti vya kifahari, mwenye cheo cha kuhudumia nyumba ya mfalme, na kijana alitarajiwa kurithi kazi hiyo. Akaiacha. Mwaka 1643, akiwa na miaka 21, alianzisha kikundi cha maigizo pamoja na wenzake, akajiita Molière. Kikundi kikashindwa kulipa madeni, na mwaka 1645 akafungwa gerezani kwa sababu hiyo.

Alipotoka hakurudi kwenye mapazia ya baba. Aliondoka Paris na wenzake, wakazunguka mikoani zaidi ya miaka kumi, leo mji huu kesho mji ule, wakicheza popote walipopata watazamaji na chakula. Walirudi Paris mwaka 1658 wakacheza mbele ya Mfalme Louis wa 14, mfalme akacheka, na hapo maisha yao yakabadilika. Tunadhani ile miaka ya kuzunguka ndiyo iliyomfundisha. Aliyewahi kufanya matangazo ya hadhara mnadani anajua kwamba mtu wa mnadani hakai kukusikiliza kwa adabu. Usipomchekesha mapema, anaenda kutazama mbuzi.

Molière alifariki tarehe 17 Februari 1673. Jioni hiyo alikuwa jukwaani akiigiza mtu mzima wa afya anayejiona mgonjwa kila siku na kuwatajirisha madaktari. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa kweli, anakohoa. Alizidiwa wakati wa onyesho, akalimaliza, akapelekwa nyumbani, akafa usiku uleule akiwa na miaka 51. Wakati ule Kanisa la Ufaransa liliwanyima waigizaji maziko ya kidini kama hawakuikana kazi yao kabla ya kufa, naye hakuwahi. Mjane wake alikwenda kumwomba mfalme. Wakamzika, lakini usiku.

Leo watu duniani kote wakitaka kukitaja Kifaransa kwa heshima husema "lugha ya Molière". Jirani zetu ng'ambo ya Mto Kagera wanalijua jina hilo vizuri, maana Rwanda ilifundisha shuleni kwa Kifaransa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Kiingereza. Sisi wa upande huu, tuliotawaliwa na Waingereza, tulimsikia Shakespeare kwanza.

Vitabu vilivyovuka lugha

Wengi mnajua kwamba Mwalimu Nyerere alitafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi naye alitafsiri Makbeth na Tufani miaka hiyohiyo ya sitini mwishoni. Jambo linalosahaulika ni kwamba Mfaransa alikuwa ameshaingia kwenye Kiswahili kabla ya hapo. Morrison alitafsiri ile ya tabibu, na pia ile ya mfanyabiashara anayetaka kuwa bwana mkubwa, akaiita Mchuuzi Mwungwana. Ya tatu, Tartuffe, ilipata jina la Mnafiki na kuchapishwa nchini miaka ya sabini mwanzoni.

Vitabu hivi hatujaviona kwenye maduka ya Kayanga wala Omurushaka. Ukikuta kimoja kwenye kabati la padri, la mwalimu mstaafu au kwenye maktaba ya shule kongwe, usikiache kiliwe na mchwa.

Sasa turudi kwa yule mkata kuni, maana tumemwacha na joho lake.

Anapofikishwa kwa tajiri, anamtazama binti na kutangaza ugonjwa: binti ni bubu kwa sababu amepoteza uwezo wa kusema. Tajiri anashangaa elimu hiyo. Anauliza, je, sababu ya kupoteza uwezo wa kusema ni nini? Mkata kuni anamuuliza kama anajua Kilatini. Tajiri anasema hajui hata neno. Basi mkata kuni anaruka kwa furaha na kuanza kumwaga maneno yanayofanana na Kilatini, mengine ya kubuni, mengine vipande vya sarufi aliyookota utotoni. Katikati ya maelezo anaweka ini upande wa kushoto na moyo upande wa kulia. Tajiri, kwa unyenyekevu, anasema alidhani ni kinyume chake. Mkata kuni anamjibu kwamba zamani ilikuwa hivyo, siku hizi wataalamu wameshabadilisha.

Mnaokwenda mnada wa Omurushaka mnamjua mtu huyu. Ana kipaza sauti, ana chupa za rangi tatu, na dawa yake moja inatibu mgongo, presha, vidonda vya tumbo na kukosa mchumba. Kilatini chake ni Kiingereza. Akisema "sistimu ya bodi yako imebloku", mzee wa miaka sabini aliyetibu watoto wake wote kwa busara anafungua pochi. Molière alielewa kwamba mtu mwenye akili zake hudanganyika akiona haya kusema sijaelewa, na tajiri wa kwenye tamthilia si mjinga hata kidogo. Ameona haya tu.

Tuongeze hapa kwa faida ya msikilizaji: waganga wa tiba asili nchini wanatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kumwomba mtu akuonyeshe usajili wake si dharau. Omufumu wa kweli, aliyerithi kazi kwa babu yake na anajulikana kijijini, hatakasirika.

Na yule binti? Hakuwa bubu. Alijifanya bubu kwa sababu baba yake alitaka kumwoza mtu mwenye mali wakati yeye ana mpenzi wake. Mara tu mpango wa kutoroka unapokaribia, ulimi unafunguka, na anasema maneno mengi mpaka baba anamwomba daktari amrudishe kwenye ububu.

Kibanja kinapoandikwa kwa mgeni

Mnafiki ndiyo nzito kuliko zote. Orgon, baba wa familia mwenye nyumba nzuri, amemkuta kanisani mtu maskini aitwaye Tartuffe, anayesali kwa sauti, anapiga magoti mbele za watu, anabusu sakafu. Akipewa pesa anarudisha nusu, akikataliwa kurudisha anawapa maskini huku Orgon akitazama. Orgon anamchukua akae nyumbani. Baada ya muda Tartuffe ndiye anayepanga nani aje kutembelea na nani asije. Orgon anaamua kumwoza binti yake, ingawa binti alishaahidiwa kijana mwingine. Mtoto wa kiume anapofichua kwamba Tartuffe amemtongoza mama yao wa kambo, Orgon anamfukuza mtoto na kumwandikia Tartuffe mali yote kwa hati.

Ndiyo, kwa hati. Kwetu hapa ndipo tamthilia inapoacha kuchekesha. Mtu wa Karagwe anajua maana ya kibanja. Kibanja ni nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya wazee, vyote mahali pamoja. Kumwandikia mgeni kibanja kwa sababu anasali vizuri ni jambo ambalo ukoo ungekaa kikao kabla jua halijazama. Mila za Kagera kwa muda mrefu zimewapa wanaukoo nafasi ya kukikomboa kibanja kilichokwenda kwa mtu wa nje.

Ukoo wa Orgon hauna nafasi hiyo. Mke wake, Elmire, anabuni njia ya kumfungua macho: anamficha Orgon chini ya meza iliyofunikwa kitambaa, kisha anamwita Tartuffe faragha. Tartuffe anaanza kumtongoza, na kuhusu dhambi anasema yeye ana mbinu za kupatana na Mungu. Elmire anakohoa ili mume atoke. Mume hatoki. Anakohoa tena. Tartuffe, kwa huruma, anampa peremende ya kikohozi. Sisi watu wa redio tunaipenda sehemu hii kuliko zote, kwa sababu meza huwezi kuionyesha redioni lakini kikohozi unaweza, na msikilizaji aliye gizani anajua kabisa nani yuko chini ya meza na kwa nini hatoki.

Orgon anapotoka mwishowe na kumfukuza Tartuffe, Tartuffe anamjibu kwamba anayetakiwa kutoka ni yeye Orgon, kwa kuwa nyumba sasa ni ya Tartuffe. Na karatasi zinasema kweli. Anakuja hadi dalali wa mahakama, mtu mpole sana, mwenye lugha tamu, kuwaambia watoe vyombo.

Molière aliiokoa familia hii kwa kumleta ofisa wa mfalme dakika ya mwisho: mfalme anajua kila kitu, Tartuffe anakamatwa, hati inafutwa. Wachambuzi wengi wanaona mwisho huo umelazimishwa, na sisi tunakubaliana nao. Mfalme haji Kyerwa kukagua hati ya mtu. Lakini Orgon angekuwa anaishi Tanzania leo, mkewe angekuwa na silaha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke hawezi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Elmire angekwenda kwenye vyombo vya ardhi, kuanzia baraza la kijiji hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kusema kwamba hakuridhia. Asingehitaji meza wala kikohozi.

Tamthilia hii ilimtesa mtunzi wake. Ilichezwa mara ya kwanza kwenye sherehe za mfalme huko Versailles, Mei 1664, ikapigwa marufuku baada ya watu wenye nguvu wa dini kulalamika. Mwaka 1667 akaibadilisha, akabadilisha hata jina la mhusika, ikachezwa mara moja ikapigwa marufuku tena. Ruhusa kamili ilipatikana Februari 1669. Miaka karibu mitano ya kuandika barua na kusubiri. Molière alijitetea kwamba anashambulia unafiki, si dini, na ukiisoma utaona alivyojilinda: shemeji wa Orgon, mtu mtulivu, anaeleza kwa kirefu tofauti ya mcha Mungu wa kweli na anayejionyesha. Neno la Kiswahili "mnafiki" limebeba uzito huo vizuri. Ni neno ambalo shehe atalitumia Ijumaa na padri Jumapili, na wote wawili watakuwa wanawasema watu wa msikitini na kanisani kwao, si wa nje.

Kuhesabu silabi

Hapa tuingie kidogo kwenye ufundi, kwa ajili ya walimu wa Kiswahili na wanafunzi wanaotufuatilia.

Mnafiki katika Kifaransa imeandikwa kwa ushairi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mstari una silabi 12, kuna kituo katikati, yaani 6 na 6, na mistari inakwenda miwilimiwili kwa vina. Anayetafsiri lazima achague: aache ushairi aseme maana tu, au atafute ushairi wa lugha yake.

Waingereza wamekuwa wakihangaika na jambo hili tangu zamani. Tamthilia hii ilipata sura ya Kiingereza mwaka 1670, mwaka mmoja tu baada ya kuruhusiwa Paris. Ile ya tabibu iligeuzwa na Henry Fielding mwaka 1732 kuwa mchezo wa Kiingereza wenye nyimbo. Inayosifiwa zaidi kwa wakati wetu ni Tartuffe ya mshairi wa Marekani Richard Wilbur, ya mwaka 1963. Wilbur alishika vina viwiliviwili, lakini mstari akaupunguza ukawa wa silabi 10, kwa sababu ushairi wa Kiingereza unakwenda kwa mkazo wa sauti, nao ulishazoea urefu huo.

Sasa angalia Kiswahili. Sisi tunahesabu mizani, na mizani ni silabi. Mstari wa shairi letu la kawaida una mizani 16, kituo katikati, 8 na 8, vina vya kati na vya mwisho. Utenzi una mizani 8. Kwa hiyo mshairi wa Tanga au Lamu akioneshwa mstari wa Molière ataelewa mara moja mchezo unavyochezwa, haraka kuliko Mwingereza. Watu husema Kiswahili kiko mbali na lugha za Ulaya. Kwenye jambo hili kiko jirani na Kifaransa, na tungependa kumwona mshairi wa leo akijaribu Mnafiki nzima kwa mizani.

Ugumu mwingine ni heshima. Mfaransa ana "wewe" wa aina mbili, mmoja wa mtoto, rafiki na mtumishi, mwingine wa mtu wa kuheshimiwa. Kiingereza cha sasa kimepoteza tofauti hiyo, hivyo mtafsiri wa Kiingereza anabaki anatafuta maneno ya kando. Kiswahili kina "wewe" mmoja, lakini kina shikamoo, kina mzee, baba, bwana, mama, na kina ukimya wa anayesubiri aruhusiwe kusema. Kwenye nyumba ya Orgon kuna mtumishi wa kike, Dorine, na ndiye mwenye akili kuliko wote. Anamjibu mwenye nyumba usoni. Katika Kiswahili lazima uamue: anamwambia "baba, samahani, hapo umekosea" au "mzee, umerogwa"? Kwa mtazamaji wa Kagera hiyo ya kwanza inachekesha zaidi. Dada wa kazi anayesema ukweli wote bila kuacha adabu hata neno moja, huyo hakuna wa kumzuia.

Mchuuzi na waungwana wa Kafuro

Mchuuzi Mwungwana ni ya mwaka 1670. Monsieur Jourdain ana utajiri uliotokana na biashara ya vitambaa, na sasa anataka kuwa kama mabwana wa ukoo bora. Anaajiri mwalimu wa muziki, wa kucheza dansi, wa upanga na wa falsafa. Mwalimu wa falsafa anamweleza kwamba maneno yote ni ama ushairi ama nathari, na Jourdain anashangaa kugundua kwamba amekuwa akisema nathari zaidi ya miaka 40 bila kujua. Kijana anayempenda binti yake anakataliwa kwa kuwa si wa ukoo bora. Kijana huyo anarudi amejifanya mtoto wa sultani wa Uturuki, anampa Jourdain cheo cha kubuni chenye jina la ajabu, na Jourdain anatoa binti kwa furaha.

Jina la Kiswahili limetufikirisha sana. "Mchuuzi" ni muuzaji mdogo, wa kutembeza au wa genge. Jourdain si mdogo, ana pesa nyingi. Lakini mtafsiri alitaka dharau, na neno "mchuuzi" lina dharau ambayo "mfanyabiashara" halina. Mwalimu Nyerere alifanya la namna hiyo kwa njia yake: wafanyabiashara wa Shakespeare aliwaita "mabepari", na mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kila Mtanzania alijua neno hilo linampiga nani.

"Mwungwana" nalo lina historia hapa hapa Karagwe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange yalikokuwa makao ya mfalme. Speke alipita Karagwe mwaka 1861 akapokelewa na Mfalme Rumanyika, na Stanley alifika mwaka 1876. Wapagazi na askari wa misafara hiyo kutoka pwani walijiita waungwana, yaani watu huru, wasio watumwa. Wengi wao hawakuwa na mali. Wengine walikuwa wamezaliwa utumwani. Neno hilo walilivaa kama Jourdain alivyovaa suti yake mpya, na bara walikopita lilifanya kazi: watu waliwaona ni wastaarabu wa mbali. Hatuwacheki. Mtu aliyewahi kuuzwa ana haki ya kulipenda neno "huru" kuliko sisi.

Kwa Jourdain wa leo hatuna haja ya kwenda mbali. Ni mwenzetu aliyepata msimu mzuri wa kahawa, sasa haongei Kinyambo tena, hata na mama yake.

Wafaransa wa wakati ule walikuwa pia na watunzi wa majonzi, Corneille na Racine, na wapo wanaowaweka juu ya Molière. Tamthilia zao zinahusu wafalme, viapo na mapenzi yanayoua, watu wanasimama na kusema kwa kirefu, damu inamwagika nje ya jukwaa. Ni nzuri kwa msomaji mtulivu. Kwa kijijini tungeanza na Molière.

Ukitaka kuicheza

Vikundi vya vijana na walimu wa shule za sekondari wanaotaka kuigiza wana mambo machache ya kujua. Maandishi ya Kifaransa ya Molière hayana hakimiliki tena, hivyo anayejua Kifaransa anaweza kutafsiri upya bila kuomba ruhusa. Tafsiri ya mtu mwingine ni jambo tofauti. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 tafsiri inalindwa kama kazi yenyewe, kwa maisha ya mtafsiri na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kabla ya kutoa nakala au kucheza kwa kiingilio, waulizeni COSOTA.

Kusimulia kisa kwa maneno yenu wenyewe, kwa Kiswahili au Kinyambo, hakuna anayekuzuia, na pengine ndiyo njia bora ya kuanza. Mkoa huu umezoea mtu mmoja mwenye enanga akisimulia kisa kirefu, akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Marehemu Habibu Selemani alijulikana sana kwa kazi hiyo. Msimulizi wa namna hiyo angeweza kumbeba mkata kuni wa Molière bila jukwaa wala pazia.

Tamthilia hizi pia hazina gharama. Watunzi wa Ufaransa wa zama zile walifuata kanuni kwamba kisa kizuri kiishe ndani ya siku moja, mahali pamoja. Molière hakuifuata kila mara, lakini Mnafiki yote iko ndani ya nyumba moja: meza, kitambaa, viti viwili, inatosha. Kwa tabibu mnahitaji shoka, chupa, joho na fimbo.

Fimbo ndiyo tunayotaka kuisemea. Tamthilia ya tabibu inafunguka kwa mume kumpiga mke, na mwaka 1666 watu walicheka. Kuna hata jirani anayekuja kuamulia, na mke anamgeukia jirani huyo na kumpiga kofi, anasema yeye amependa kupigwa. Ukiicheza hivyo leo, wapo wanawake kwenye hadhira watakaotazama chini, na wapo wanaume watakaocheka kwa sababu mbaya. Vikundi vingine vingekata sehemu yote. Sisi tungekata kofi la jirani na maneno yake, tukabakiza ugomvi kwa maneno tu nyuma ya mlango uliofungwa, ili hadhira isikie na isione, halafu mke atoke peke yake, akae kwenye kigoda, aanze kufikiri atafanyaje. Kisa chote kinachofuata ni kazi ya kichwa chake. Fimbo zinazobaki jukwaani ziwe zile za watumishi wawili kule msituni.